Bi Tena na Bomba Linalovuja
Zamani, alipokuwa mwandishi wa habari, walimwita Chapchap. Siku hizi wanamwita Bi Tena. Mtu ni yuleyule, mkoba ni uleule wa ngozi uliokatika mkanda na kufungwa fundo, lakini ungewaweka hao wawili chumba kimoja wangegombana kabla chai haijamiminwa.

Chapchap alikuwa moto wa kuotea mbali. Soko liungue, waziri ateleze ulimi, daraja lianguke, yeye keshafika, keshauliza, keshaondoka, na wenzake ndio kwanza wanapapasa mifuko kutafuta kalamu. Aliandika amesimama, simu imebanwa begani, huku akimwamrisha dereva kwa macho. Mhariri wake alimpenda kupita kiasi. "Huyu," alikuwa akisema, "mtume kuzimu asubuhi, mchana kakuletea habari pamoja na picha ya bawabu."

Kilichomng'oa gazetini ni neno moja tu. Kijana mmoja alifia mikononi mwa polisi, na Chapchap akaiandika habari hiyo, ikatoka ukurasa wa ndani, safi, haina kosa hata moja. Baada ya siku chache mama wa kijana akaja chumba cha habari, gazeti limekunjwa kwapani, akakaa kwenye benchi la wageni mpaka akaitiwa mwandishi. Hakuja kulalamika. Alisema, "Ahsante, mwanangu, umeandika. Sasa?"

Chapchap akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakikutoka kitu. Akaipeleka hiyo "sasa" kwa mhariri, mhariri alikuwa na habari nyingine mkononi. Akaipeleka kwa mwanasheria wa gazeti, naye akamwambia gazeti si mahakama. Neno likamganda kama ruba. Alilala nalo, akaamka nalo, na mwisho akaaga, akaenda kuwa mtafiti katika shirika la kutetea haki za binadamu, ofisi ndogo iliyo juu ya duka la magodoro, yenye lifti ambayo tangazo lake la "matengenezo yanaendelea" limeshafifia hata halisomeki.

Huko ndiko mtu mwepesi kuliko wote alikogeuka mzito kuliko wote. Kazi yake ni kukaa na watu waliotendewa ubaya na wenye nguvu, awasikilize, alinganishe maneno yao na karatasi za hospitali na maneno ya majirani, kisha aandike kwa namna ambayo hata wakili mwenye jicho la mwewe asipate tundu la kupenyeza kidole. Basi kwanza anakuacha useme mpaka uishiwe. Unadhani mmemaliza. Thubutu! Anakaa vizuri kitini anasema, "Hebu tena, tangu mwanzo." Ukishasema tena, anakwenda zake, na siku nyingine anarudi na karatasi, anakusomea alichoandika, neno kwa neno. Wewe ndiye unayeamua: hapa sivyo, hapa ongeza, hapa toa. Ukisema toa, anatoa. Habembelezi wala hakuulizi sababu, hata ukisema atoe yote. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na mkurugenzi wake, mwanasheria mnene mwenye roho nzuri na tumbo la wasiwasi, anaiogopa kuliko bosi yeyote.

Wenzake humtania kwamba siku ya ndoa yake alipoulizwa kama amekubali alijibu, "Hebu uliza tena, tangu mwanzo." Uongo mtupu. Aliolewa enzi za Chapchap, na alisema ndiyo kabla hajaulizwa.

Anayo na sheria ya pili, nayo ni kuficha. Shahidi akishasema, Bi Tena hupita juu ya maneno yake na kufuta kila kitu kinachoweza kumtambulisha: jina, mtaa, kazi, kovu, mnyama wa nyumbani, mazoea. Anasugua mpaka sahani haijulikani ililiwa nini. Hilo halina utani ndani yake, maana wapo watu waliosema na kesho yake wakafuatwa, na yeye ndiye anayeshindwa kulala.

Anayeumizwa zaidi na siri hizo ni mzee wake. Baba wa Bi Tena ni karani wa posta mstaafu, masikio yameanza kumgomea, na ukuta wa sebule yake umejaa habari za Chapchap alizozikata magazetini na kuzibandika kwa gundi ya serikali. Kila jioni anampigia simu binti yake, na kila jioni kesi ni ileile.

"Siku hizi huandiki? Jina lako silioni."

"Naandika, baba. Ila hatuweki majina yetu."

"Unaandika habari za nani?"

"Siwezi kusema, baba."

"Eti?"

"Siwezi kusema!"

"Kazi gani hiyo ya siri kama uchawi!" mzee hufoka, kisha hucheka, kisha humuuliza kama amekula. Wanapendana wale, usione kelele.

Sasa, katika ripoti kubwa aliyokuwa anaimalizia Bi Tena, juu ya watu waliofia kituo kimoja cha polisi, alikuwamo mjane mmoja, fundi cherehani. Mume wake alikuwa fundi bomba. Walimkamata kazini, kwenye jengo jipya alikokuwa anaunganisha mabomba, wakisema ameiba pampu. Jioni mke wake alimpelekea chakula kituoni, akamwona kwa macho yake nyuma ya nondo, mzima, amesimama, anasema. Asubuhi akaambiwa mume wako ameanguka bafuni, poleni sana, na akasainishwa karatasi inayosema hivyo. Maiti aliyoiosha kwa mikono yake haikuwa ya mtu aliyeanguka. Pampu nayo ikakutwa stoo; mtu alikuwa ameihamisha tu.

Wengine wote kwenye ripoti walikuwa na ndugu waliohadithiwa, waliosikia, waliodhani. Mjane huyu peke yake ndiye aliyemwona mtu wake mzima jioni na maiti asubuhi. Tume ya uchunguzi ilikuwa inaisubiri ripoti hiyo. Akitoka yeye, tume ingesema haya ni maneno ya barazani, kituo kingeendelea na kazi zake kama kawaida, na fundi bomba angebaki kwenye vitabu vya serikali kuwa mwizi aliyeteleza. Bi Tena alilijua hilo, mkurugenzi alilijua, na mjane mwenyewe alilijua.

Bi Tena alikwenda kumsomea akiwa na furaha, maskini. Chumba cha mjane kilikuwa kile alichokizoea: cherehani karibu na dirisha, nguo za wateja zinaning'inia kwenye waya zimebanwa vikaratasi, na nyuma ya pazia jiko dogo lenye bomba linalovuja. Siku ya kwanza kabisa tone lile liliingia kwenye kinasa sauti, to, to, to, likamkera Bi Tena, akaomba lining'inizwe kitambaa mdomoni ili maji yateremke kimya. Kitambaa kilikuwa bado kipo. Bi Tena akavaa miwani akasoma.

"Shahidi ni mwanamke mtu mzima. Jioni ya siku ya tukio alifika kituoni akampelekea marehemu chakula. Marehemu, mwanamume wa umri wa kati, alionekana hana jeraha lolote. Alimwambia shahidi arudi nyumbani..."

Akasoma mpaka mwisho: majeraha ya kichwa, ya mgongo, ya nyayo. Fundi cherehani alisikiliza utepe shingoni, mikono imetulia juu ya kitambaa cha mtu. Bi Tena alipovua miwani, akaambiwa, "Toa."

"Nitoe wapi, mdogo wangu?"

"Yote."

Hapo Chapchap, aliyedhaniwa amekufa zamani, akaamka ndani yake, tena viatu vimo miguuni. Alikuwa na maneno tayari, maana aliyatumia miaka mingi na yalifungua milango migumu kuliko huo. Mwambie mume wake angetaka. Mwambie wajane wenzake wanamtegemea. Mshike mkono, mwache alie, kalamu isikauke. Bi Tena akayasikia yote yakimjaa mdomoni, akayameza, na yalikwaruza yakishuka.

"Sawa," akasema. "Nitatoa. Kesho nitakuletea karatasi zote na sauti yako. Ni mali yako."

Alishuka ngazi za nyumba ile amekasirika hata hajui amemkasirikia nani. Nasema wazi: alilia njiani, mtu mzima na mkoba wake wenye fundo, na aliyemsalimia hakuitikiwa.

Mkurugenzi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Umemuuliza kwa nini?"

"Sheria inasema tusiulize."

"Sheria uliitunga wewe!"

"Ndiyo maana naijua."

"Bi Tena, nakuomba. Wachapaji wanatusubiri. Nenda ukambembeleze kidogo tu, kwa lugha yako ile."

"Polisi walimlazimisha asaini asichokitaka," akasema Bi Tena. "Na mimi nikamlazimishe aseme asichokitaka? Tutatofautiana nini na wao, kwamba mimi sina kofia tu?"

Mkurugenzi akaenda kuchemsha chai isiyo na mnywaji, kama afanyavyo akishindwa hoja.

Kesho yake Bi Tena akarudi na bahasha. Mteja alikuwa anatoka na sketi yake. Fundi cherehani akamtazama Bi Tena kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akachungulia mlangoni nyuma yake.

"Umekuja peke yako?"

"Nije na nani?"

"Nilidhani utaniletea msafara wa kunibembeleza. Kaa basi, dada, unywe chai."

Bahasha ikawekwa juu ya cherehani. Hakuna aliyeigusa. Bi Tena akakaa bila kinasa sauti wala kalamu, na mikono yake haikujua iende wapi. Kitambaa kilikuwa kimeondolewa, na nyuma ya pazia tone likarudi: to, to, to. Kwa kutaka tu kusema jambo, Bi Tena akauliza, "Hivi bomba hili, mdogo wangu, hukupata fundi wa kukutengenezea?"

Mjane akamkodolea macho. Halafu akaangua kicheko, cheko la mtu aliyelibana siku nyingi, mpaka akajifuta machozi kwa utepe wa kupimia.

"Fundi! Dada, mimi nimelala kitanda kimoja na fundi ujana wangu wote!"

"Kinyozi hajinyoi," akasema Bi Tena, naye akicheka.

"Hajinyoi kabisa! Mtaa huu wote mabomba kafunga yeye. Hospitali, yeye. Hata hilo bafu la kituo wanalosema kaanguka, mabomba yake katengeneza yeye, tena akarudi kulirekebisha bure. La kwetu sasa! 'Mke wangu, Jumamosi hii.' Jumamosi ikifika anapanda darini kwa watu. Nikimfokea, anapiga mluzi. Na mluzi wenyewe, jamani, hauna wimbo! Majirani walikuwa wakiusikia kona ile wanasema, haya, bwana Jumamosi anakuja."

Kicheko kikamwisha usoni polepole.

"Jioni ile, nyuma ya nondo, unajua aliniambia nini? Aliniona nalia. Akasema, 'Nenda nyumbani, mke wangu. Kesho nikitoka, la kwanza ni bomba.'"

Bi Tena akaweka kikombe chini. "Hilo hukuniambia."

"Nilikuambia siku ya kwanza. Lote hili nilikuambia. Limo humo kwenye sauti, sikiliza. Nikikuambia bwana Jumamosi, unaniambia hebu tena, turudi kwenye nondo. Nikikuambia mluzi, turudi kwenye nondo. Jana umenisomea eti 'alimwambia shahidi arudi nyumbani.' Basi! Dada, polisi nao waliandika hivyohivyo. Mwanamume, umri wa kati, majeraha. Nimekaa hapa nasikiliza, namngoja mume wangu atokee, hakutokea. Maiti tu. Tena ukaniambia bomba nilifunge mdomo, linakupigia kelele."

Mkubwa akivuliwa nguo huchutama, na Bi Tena alichutama. Hakujitetea. Sasa ndipo alipokumbuka siku aliyoufuta mstari ule wa bomba, mezani kwake, kwa kalamu nyekundu, akijisifu moyoni kwamba amemlinda mtu. Mtu mwingine angefanya kosa hilo kwa uvivu. Yeye alilifanya kwa bidii.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa nakuficha. Fundi bomba ambaye bomba lake linavuja, mtaa mzima utajua ni nani. Wakimjua yeye, watakujua na wewe."

"Mimi nifiche ukipenda. Yeye sikukuomba umfiche."

"Haiwezekani mmoja bila mwingine. Nisikilize vizuri." Na Bi Tena akamweleza bila kumpaka mafuta: wale waliofanya wapo, wana sare, wanajua njia ya hapa. Wanaweza kuja kuuliza. Wateja wanaweza kupungua. Shirika litamtafutia wakili na mahali pa kukimbilia, lakini haliwezi kusimama mlangoni pake kila siku. Alipomaliza, akasema, "Sasa wewe niambie umesikia nini."

Mjane akayarudia yote, moja baada ya jingine.

"Na bado unataka?"

"Nataka. Mtaa mzima unanijua, dada. Wao ndio waliobeba jeneza."

"Fikiri tena."

"Nimefikiri tena."

"Tena."

"Ah, dada, wewe nawe! Ndiyo, na tena ndiyo, na kesho ukija ndiyo. Toa hiyo kalamu."

Wakaandika pale pale, mjane akisema huku akishona, Bi Tena akiandika kwenye mgongo wa karatasi zilezile. Hakikupunguzwa kitu katika majeraha. Saa, nondo, nyayo, vyote vilibaki mahali pake, na jina la marehemu likaandikwa wazi. Lakini ushahidi ulianza hivi: "Mume wangu alikuwa fundi bomba, na bomba la kwetu linavuja." Bi Tena alipomaliza kuusoma kwa sauti, fundi cherehani alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa.

"Tena," akasema.

Bi Tena akasoma tena, tangu mwanzo.

Siku ya tume, ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama wa makamo asiyependa porojo, na upande wa pili walikaa mawakili wa polisi na mafaili yao manene. Mjane alikaa mbele amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Bi Tena alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani, roho juu. Karani akaisoma ripoti kwa sauti, na jina la fundi bomba likasikika ukumbi mzima. Wakili mmoja akamuuliza mjane maswali ya kumzungusha: mwanga ulikuwaje, ulisimama wapi, una hakika gani. Akajibu yote bila kutetereka. Alikuwa ameshayasema mbele ya mtu mchokozi kuliko wakili huyo. Mwenyekiti akafunua karatasi, akasoma kimya, akarudi ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

"Mama," akasema, "na hilo bomba? Limeshatengenezwa?"

Wakili akainuka. "Mheshimiwa mwenyekiti, kwa heshima zote, bomba halihusiani na..."

"Kaa chini."

Akakaa. Mjane akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Bado, mheshimiwa. Mafundi wenzake wamekuja kujitolea, nimewarudisha. Nangoja kwanza mniambie nani alimzuia mume wangu kuja kulitengeneza."

Mwenyekiti akainamisha kichwa akaandika, akaandika muda mrefu, na kwenye safu ile ya mafaili manene hapakuwa na mtu aliyekuwa anatazama mbele. Mkurugenzi, na tumbo lake lote, alikuwa anafuta macho kwa tai.

Bi Tena akatoka nje taratibu, akasimama kwenye ngazi za ukumbi juani. Simu ikaita. Mzee hakuwa na subira ya kungoja jioni. Alikuwa amesikia redioni kwamba tume imeanza.

"Ripoti yenu imesomwa?"

"Imesomwa, baba."

"Jina lako limo?"

"Halimo."

"Eti?"

"Halimo, baba!"

"Sasa la nani limo?"

"La fundi bomba mmoja. Mume wa watu. Limesomwa mbele ya wote."

Bi Tena akasikia kiti cha kule kikivutwa, jinsi anavyokivuta baba yake akitaka kusikiliza kweli.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza.

Miaka yote hiyo baba alikuwa ameuliza na hakuwahi kujibiwa. Leo hakukuwa na siri tena. Bi Tena akaketi kwenye ngazi, akauweka mkoba kando, akaongeza sauti ili mzee asikie vizuri, akaanza na bomba.